Kusoma Fungu kwa Fungu

Kitabu cha makadirio ya matumizi ya Serikali kina safu tatu za tarakimu. Ya kwanza ni ya fedha zilizotumika kweli mwaka uliokwisha, ya pili ni ya zilizoidhinishwa kwa mwaka unaoendelea, ya tatu ni ya zinazoombwa kwa mwaka ujao. Kushoto kuna namba za kasma na majina yake mafupi: posho, dizeli, chakula, sare, matengenezo ya magari. Asiyekizoea atafunua kurasa mbili, atakifunga. Anayekijua atakilaza mezani, ataweka rula chini ya mstari wa kwanza, na jioni itamkuta palepale.

Hao wanaoweka rula ndio ninaotaka kuwasifu: makatibu wa kamati za Bunge, wachambuzi wa bajeti walioajiriwa na Ofisi ya Bunge, wakaguzi wa hesabu, na wabunge wanaokubali kusoma kabla ya kusema. Kila mwaka, tangu Machi hadi Juni baridi inapoikaba Njombe, wanakaa Dodoma wakipima fedha za polisi, za waendesha mashtaka, za mahakama na za magereza. Sisi wa Lupembe tunaijua kazi ya vidole vyenye subira. Mchuma chai hupitisha mikono juu ya kichaka siku nzima na kuondoka na majani mawili na chipukizi lake tu, akiyaacha yaliyokomaa. Bajeti ya haki jinai nayo huchumwa hivyo.

Kazi huanza kwa kupanga meza. Vitabu ni vinne: cha kwanza cha mapato, cha pili cha matumizi ya kawaida ya wizara na taasisi, cha tatu cha mikoa na halmashauri, cha nne cha miradi ya maendeleo. Humo ndani haki jinai haina sura yake, imetawanyika. Jeshi la Polisi ni Fungu 28. Magereza ni Fungu 29, na wizara yao ya Mambo ya Ndani ya Nchi ni Fungu 51. Mahakama ni Fungu 40, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ni Fungu 35, Wizara ya Katiba na Sheria ni Fungu 41. Mkemia Mkuu wa Serikali, anayepima dawa za kulevya na vinasaba, yuko upande wa Afya. TAKUKURU iko Ofisi ya Rais. Kamati nazo zimegawana: mahakama na mashtaka wanasomwa na Kamati ya Katiba na Sheria, ambayo siku hizi imeongezewa utawala; polisi na magereza wanasomwa na kamati inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama.

Hapa ndipo mchambuzi hodari anapojitenga na yule wa kawaida. Havisomi vitabu kwa mpangilio wa kurasa. Anafungua Fungu 28, Fungu 35, Fungu 40 na Fungu 29 kwa pamoja na kuyapanga kwa safari ya mtuhumiwa: anapokamatwa, anapopelelezwa, anaposhtakiwa, anaposikilizwa, anapofungwa au kuachiwa. Kisha anafuata shilingi moja kutoka kituo hadi kituo.

Tuseme mbao zimeibwa Lupembe. Mpelelezi anatakiwa afike, aandike maelezo, achukue kielelezo, arudi. Gari lipo, mafuta hayapo, na wakati wa masika barabara ya kutoka Kibena haimsamehe anayepanda pikipiki. Wiki zinapita. Mtuhumiwa amekosa wadhamini, yuko mahabusu Njombe mjini. Shauri linatajwa, hakimu anaambiwa upelelezi haujakamilika, linaahirishwa. Mashahidi wametoka kijijini kwa nauli yao, wanarudi. Karandinga limechoma dizeli kwenda na kurudi. Mahabusu amekula, na atakula kesho na kesho kutwa. Mafuta ya mpelelezi yalikuwa kwenye Fungu 28. Chakula cha mahabusu kiko kwenye Fungu 29. Muda wa hakimu uko kwenye Fungu 40. Akiba iliyoonekana kwenye ukurasa mmoja imelipwa mara kadhaa kwenye kurasa nyingine mbili, na hakuna afisa masuuli hata mmoja ambaye hesabu yake ina kosa.

Mnyororo huo ndio ulioangaliwa mzima na Tume ya Rais ya Kuangalia Jinsi ya Kuboresha Taasisi za Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ilizinduliwa Januari 31, 2023 na kukabidhi ripoti Julai 15 mwaka huohuo. Lakini tume huja mara moja ikaondoka. Mchambuzi wa kamati anapaswa kuuangalia mnyororo huo kila Machi, na vitabu vikimjia kila kimoja peke yake.

Baada ya vitabu inakuja randama. Haya ni maelezo ya kina ambayo wizara huipelekea kamati: tulipangiwa nini, tumepokea nini, tumefanya nini, tunaomba nini. Randama imeandikwa na watu wanaotaka ombi lao likubaliwe, na msomaji wake analijua hilo bila kuwachukia. Anatafuta namba tatu kwa kila fungu: kilichoidhinishwa na Bunge, kilichotolewa na Hazina, kilichotumika. Bunge laweza kuidhinisha fedha Juni kwa makofi, na fedha zisitoke. Ikifika mwisho wa Februari, miezi minane ya mwaka wa fedha imekwisha, yaani theluthi mbili. Fungu lililopokea theluthi moja tu ya fedha zake za maendeleo limeshachelewa, hata kama maelezo yanasema mradi unaendelea vizuri. Hapo rula inasimama. Anaandika pembeni kwa penseli alama ndogo ya kuuliza, na ukurasa.

Halafu anatenganisha mishahara na matumizi mengineyo. Mishahara hutoka, isipotoka nchi nzima itajua. Yanayobanwa ni mengineyo, na humo ndimo ilimo kazi yenyewe: mafuta, karatasi, posho ya shahidi, posho ya wazee wa baraza wa Mahakama za Mwanzo, ambayo udogo wake wabunge wameulalamikia kwa miaka mingi. Naheshimu sana macho yanayoteremka hadi kwenye mistari hiyo. Ni rahisi kuzungumzia jengo la mabilioni. Kuuliza habari ya mzee wa baraza anayeacha shamba lake la viazi ili akae na hakimu siku nzima kunataka mtu aliyefika ukurasa wa mwisho wa kifungu.

Kuna pia usomaji wa kitu ambacho hakijabadilika. Kasma ya chakula cha wafungwa ikibaki tarakimu ileile wakati bei ya maharage na unga imepanda, na idadi ya watu magerezani haijapungua, mchambuzi anajua pengo limejazwa na mtu. Mara nyingi ni mzabuni anayeidai Magereza. Kwa hiyo anafungua jedwali la madeni, analilinganisha na la mwaka uliopita, anachora mstari chini ya jina la deni lililokua. Namna hiyohiyo anaisoma mitambo. Mahakama imeanza kusikiliza baadhi ya mashauri kwa video, mahabusu akiwa gerezani na hakimu akiwa mahakamani. Ni jambo jema. Basi gharama ya intaneti inapopanda Fungu 40, je, dizeli ya karandinga imeshuka upande wa pili? Ikiwa imeshuka, huo ni ufanisi unaohesabika. Ikiwa haijashuka, ama mitambo haitumiki ama dizeli inakwenda kwingine, na yote mawili yanafaa kuulizwa.

Kabla ya kukaa mezani na mawaziri, kamati hutoka kwenda kuona miradi iliyotengewa fedha. Ziara ina heshima yake na ina hatari yake, kwa kuwa wenyeji hupanga viti, hupika, husoma taarifa ndefu, na saa zinakwisha. Wajuzi wa kazi hii hukaa kidogo na kutembea sana. Wanaomba mchanganuo wa gharama, wanausoma wakiwa wamesimama ndani ya chumba kinachotajwa. Wanafungua bomba kuona kama maji yanatoka. Wanauliza mahabusu wanawake wanasubiri wapi, na watoto wapi, na shahidi anayemwogopa mshtakiwa anapita mlango gani. Mwaka 2021 vilizinduliwa Vituo Jumuishi sita vya Utoaji Haki, vya Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro na viwili vya Dar es Salaam, vinavyoweka ngazi kadhaa za mahakama na wadau wao ndani ya jengo moja. Njombe iliwekwa katika orodha ya mikoa ya awamu iliyofuata. Kwa mtu anayetoka Lupembe, jengo la namna hiyo linapimwa kwa nauli: je, nitamaliza shida yangu kwa safari moja?

Sasa kamati inakaa. Waziri yupo, Katibu Mkuu yupo, wakuu wa vyombo wapo, na upande wa Mahakama yupo Mtendaji Mkuu, ambaye Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 ilimpa mzigo wa utawala na fedha ili majaji wabaki na mashauri. Wajumbe wanauliza. Wengine wanauliza vizuri, wengine wanahutubia. Pembeni ya mwenyekiti ameketi katibu wa kamati, na mimi jicho langu liko kwake.

Katibu haongei. Mbele yake kuna daftari, randama iliyojaa vipande vya karatasi kwenye kurasa, na taarifa ya kamati ya mwaka jana. Mjumbe anapozungumza kwa dakika kumi kuhusu kituo cha polisi cha jimboni kwake, katibu anaandika maneno manne. Mjumbe wa pili anagusa jambo lilelile kwa upande mwingine, naye anaongeza mawili. Wa tatu anakasirika. Katibu anaiacha hasira, anachukua tarakimu. Mwenyekiti anapoonekana kutafuta ukurasa, kipande cha karatasi kinamfikia kimyakimya chenye namba ya kasma. Jioni, wengine wakiwa wameondoka, anabaki na maneno ya wengi, na lazima atoe humo sentensi moja.

Sentensi hiyo ndiyo kazi yake ya mikono. Anaweza kuandika kwamba Serikali ijitahidi kuboresha mazingira ya upelelezi. Itapitishwa, haitamkera mtu, na mwaka ujao hakuna atakayeweza kusema kama ilitekelezwa. Anaifuta. Anaandika kwamba Hazina itoe fedha zote za mafuta ya upelelezi zilizoidhinishwa kwa mwaka ujao. Bado haitoshi, maana haina muda. Anaongeza: kwa kila robo mwaka. Bado haina wa kuulizwa. Anaongeza kwamba wizara iwasilishe kwa kamati taarifa ya mapokezi ya fedha hizo kila robo inapokwisha. Sasa sentensi ina mtendaji, ina kitu, ina muda, ina ushahidi. Anaisoma kwa sauti ya chini, anaondoa neno moja la heshima lisilo na kazi, anahamia pendekezo linalofuata. Mwenyekiti ataisimamia ukumbini kana kwamba ilizaliwa hivyo.

Ukumbini kuna kalenda, na kalenda hiyo ina mkono wa mtu wa kwetu. Anne Makinda, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kusini, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2010 hadi 2015. Zamani bajeti ilisomwa Juni na mafungu ya wizara yakajadiliwa hadi Agosti, mwaka wa fedha ukiwa umeanza tangu Julai mosi, Bunge likipima fedha ambazo zimeshaanza kutumika. Wakati wa uspika wake Kamati ya Bajeti iliundwa, na mwaka 2013 mtiririko ukageuzwa: wizara zikaanza kujadiliwa Aprili, na yote yakamalizika kabla ya Juni 30. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 ikaja kuupa utaratibu mzima nguvu ya kisheria. Kusogeza tarehe kunaonekana jambo dogo. Lakini aliyewahi kungoja mbolea iliyofika mvua zikiwa zimekatika anajua tarehe ina thamani gani.

Mjadala wa wizara ukiisha, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Hapo anayeongoza haitwi tena Mheshimiwa Spika, anaitwa Mheshimiwa Mwenyekiti. Katibu mezani anasoma namba ya fungu, kisha kifungu, kisha kiasi. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Kifungu kinachofuata. Anayesikiliza redioni huko Makambako huku akipakia viazi kwenye lori atadhani ni wimbo usio na maana. Aliyeshika kitabu anaweka alama ya vema kila mstari unapopita, na kidole chake kiko kwenye kifungu 1001, Utawala na Rasilimali Watu, kwa sababu ndimo ulimo mshahara wa waziri.

Ni kwenye mshahara huo mbunge anaposhika shilingi. Anasimama, anaeleza jambo la sera linalomtatiza, anataka ufafanuzi, na asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja. Mabunge mengi yenye asili ya Westminster yana zana ya namna hii. India hupendekeza kupunguzwa rupia 100. Shilingi yenyewe hainunui kitu. Inachonunua ni dakika chache za waziri kujibu akiwa amesimama, nchi ikisikia, na maneno yake yakiingia kwenye Taarifa Rasmi neno kwa neno.

Nimewasikiliza wengi wakiishika, na tofauti ya fundi na mwanagenzi iko wazi. Mwanagenzi anaishika kwa malalamiko kumi, waziri anachagua jepesi na kulijibu kwa ukarimu. Fundi anakuja na jambo moja. Anataja fungu, kasma, kiasi kilichoidhinishwa, kiasi kilichotoka, na ukurasa wa randama ya wizara yenyewe. Kisha anauliza swali ambalo jibu lake ni tarehe. Akipewa tarehe anairudisha shilingi, anashukuru, anakaa. Akipewa maneno ya jumla hairudishi, anawaomba wenzake wamuunge mkono. Kujua wakati wa kurudisha ni nusu ya ufundi. Shilingi ikishikwa kwa kila jambo, mawaziri huacha kuihofia.

Lazima niseme pia kwamba ukumbi wa mafundi hawa ni mwembamba. Ibara ya 99 ya Katiba inataka hoja za kuongeza matumizi zitoke kwa Rais kupitia waziri, na ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Muda nao ukikaribia kwisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila maswali. Mahakama au Magereza wakiangukia mkupuo huo, kazi yote ya Machi inabaki kwenye taarifa ya kamati tu. Naona ni hasara kubwa, na ndiyo maana pendekezo lililoandikwa vizuri lina thamani kuliko hotuba iliyosikika vizuri.

Fedha zikishatumika, kazi inahamia kwa mikono mingine. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, hesabu zinaandaliwa, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anampa Rais ripoti kabla Machi haijaisha. Kisha inawasilishwa bungeni na kufika mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali. Uingereza ilianza na kamati ya aina hii mwaka 1861, enzi za Gladstone, na mtindo ukaenea. Charles Kichere, aliyeteuliwa kuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu Novemba 2019, alikuwa amekaa kwetu miezi michache kabla ya hapo akiwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Njombe, yaani afisa masuuli wa Fungu 54. Alifahamu kukaa upande wa anayeulizwa.

Mkaguzi anayepima Magereza au Polisi huanzia mbali na tarakimu kubwa. Anaomba logibuku la gari na leja ya mafuta, anaviweka sambamba. Lita zilizotolewa tarehe fulani, kilomita zilizosomwa kwenye geji kabla na baada, jina la aliyesaini. Anaomba daftari la idadi ya wafungwa kwa kila siku, analizidisha na mgawo wa maharage wa mtu mmoja, analinganisha na hati ya kupokea mali, kisha na leja ya stoo, kisha na hati ya malipo. Karatasi nne zinazosema jambo moja. Zikikubaliana, anafunga jalada bila neno, na hakuna gazeti litakaloandika kwamba maharage yalifika. Zikitofautiana anaandika hoja, anampa menejimenti nafasi ya kujibu, analisoma jibu, anauliza kiambatisho kiko wapi. Hasemi mtu ameiba. Anasema lita hizi hazikuonekana kwenye kumbukumbu.

Aprili inapofika, katibu wa kamati anafungua taarifa ya mwaka uliopita ili aandike sura ya kwanza ya taarifa mpya, ile ya utekelezaji wa mapendekezo. Jedwali lina pendekezo, jibu la wizara, na hali yake. Hali ni tatu: limetekelezwa, linaendelea kutekelezwa, halijatekelezwa. Ya kwanza anaiomba ushahidi, ya tatu anaiomba sababu. Ile ya katikati anaisoma polepole kuliko zote. Anarudi nyuma taarifa ya mwaka juzi, na ya mwaka ule mwingine, kutazama jambo hilohilo limekuwa likiendelea kutekelezwa tangu lini, kisha anaandika mwaka lilipoanzia pembeni ya mstari.